Moyo Uliobwagwa Bagamoyo

Kijana aliyekuwa akituongoza alingoja hadi mtu wa mwisho aingie kivulini, kisha akashusha sauti. Mbele yetu maji yalikuwa yamekupwa, mitumbwi imelala ubavu juu ya tope, na wachuuzi wa samaki wakibishania bei ya changu. "Hapa," akasema, "ndipo walipofikishwa watumwa kutoka bara, shingo zimefungwa minyororo. Walipoiona bahari walijua hakuna kurudi. Kila mmoja akasema: nabwaga moyo wangu hapa, mwili na uende. Ndipo mahali hapa pakaitwa Bwagamoyo, na leo twasema Bagamoyo." Mama mmoja katika kundi letu alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi pia koo lilinikaba.

Hadithi hiyo nimeisikia tangu shule ya msingi, na nilipokuwa mwalimu nikaisimulia mwenyewe kwa miaka mingi. Siku ile ufukweni ndipo nilipohisi, kwa mara ya kwanza, kwamba ndani yake kuna kitu hakikukaa sawa. Kilichonisumbua kilikuwa kitenzi.

Mtu habwagi asichokuwa amekibeba. Mama aliyetoka kuokota kuni hufika uani akabwaga mzigo. Mpiga mieleka humbwaga mwenzake baada ya kumwinua. Mgombea aliyeshindwa tunasema amebwagwa, kwa sababu alikuwa amejikweza juu ya mabega ya watu. Anayekata tamaa na kazi hubwaga manyanga, zile zana za mganga alizokuwa akizitikisa tangu jioni. Katika kila matumizi kuna uzito uliokuwa juu, kuna kishindo, na kuna mwili unaobaki mwepesi. Washairi wetu walikichukua kitenzi hicho wakakifanyia jina zuri kuliko yote: kibwagizo, ule mstari unaorudi mwisho wa kila ubeti. Ubeti ni mwendo wa siku moja, na kibwagizo ni kituo cha jioni. Sauti imepanda, imeshuka, imebeba maana kutoka kina hadi kina, halafu inatua pale pale ilipotua jana.

Sasa tuutazame moyo. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kueleza moyo ulioumia. Moyo huvunjika, hufa, huingia baridi, huwa mzito, husononeka. Aliyelazimishwa kuondoka kwao husema moyo wake umebaki nyuma, au ameuacha kwao. Lakini moyo uliobwagwa? Anayebwaga moyo ametua wasiwasi. Amekaa kitako, amenyoosha miguu, anapuliza pumzi. Ni maneno ya mtu aliyefika, wala hayamfai aliyetekwa. Tena nikajiuliza: mateka aliyeswagwa miezi mitatu kutoka kijijini kwake, moyo wake angeuacha ufukweni, mahali asipopajua, pasipo na kaburi la mtu wake hata mmoja? Moyo wake ungekuwa umebaki zamani, kwenye kizingiti cha nyumba iliyochomwa.

Na kuna jambo jingine, ambalo mpenda majina ya mahali hawezi kulipita. Jina la mji halitolewi na mtu anayepita mara moja akatoweka. Hutolewa na wakaao, au na wanaokwenda na kurudi, hata likazoeleka vinywani. Mateka waliotoka bara walikuwa na lugha zao, Kiyao, Kinyanja, Kibisa, na kadhalika. Kiswahili walijifunza baadaye, kwa shida, katika nyumba za mabwana. Basi nani alifika Bagamoyo kila mwaka, akaondoka, akarudi tena, akiwa na kitu kizito begani cha kubwaga?

Mpagazi.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mdomo wa njia kuu ya kati, iliyokatiza Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na kila kipande chake kilipimwa kwa nyayo, kwa kuwa mbung'o waliwaua punda na ng'ombe. Kutoka Unyanyembe hadi pwani ilikuwa safari ya miezi miwili hadi mitatu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16, bila kuhesabu mkeka wa mwenyewe, chungu chake cha kupikia na mkuki wake. Waliobeba pembe kubwa kabisa za ndovu walikuwa watu wa kuheshimiwa. Walitembea mbele, wakajipamba, na hawakupenda kuchanganywa na wabeba furushi.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira kabla ya kuinua mzigo. Walilipwa kwa vitambaa, yaani merikani iliyotoka viwanda vya Marekani na kaniki iliyotoka India, kwa shanga na kwa waya wa shaba. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi wa karne hiyo, anawaeleza kama wafanyakazi wenye kanuni zao, wenye ufundi wao, wanaojua kugoma. Posho ikipunjwa, mizigo ilikaa chini. Kiongozi wa msafara akiwa mkatili, watu walitoroka usiku naye akaamka ana magunia bila mabega. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi kulikuwa sehemu ya kuwa mwanamume. Ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto.

Mfikirie mtu huyo anapofika kwenye ule mteremko wa mwisho, akasikia harufu ya chumvi. Nyuma yake kuna miezi ya kiu, ya homa, ya kulipa hongo baada ya kila kituo. Mbele yake kuna minazi, ngoma, mshahara. Anainamisha shingo na mzigo unaanguka mchangani. Bwaga moyo. Kitenzi kimekaa mahali pake, na herufi moja iliyopotea ulimini, kutoka bwaga hadi baga, ni uchakavu wa kawaida wa neno linalotamkwa kila siku.

Nisieleweke vibaya. Watumwa walipita Bagamoyo. Watumwa waliishi Bagamoyo, wakalima mashamba ya wenye mji, wakapika, wakajenga, wakabeba. Katika misafara iliyoanzia pwani, wengi wa wabebaji walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Wala ujira wa Mnyamwezi haukuifanya njia ile kuwa njia ya heri: wengi walikufa kwa ndui na njaa, wakaachwa kichakani bila maziko. Ninachosema ni kwamba uzito wa biashara ya njia hii ulikuwa pembe za ndovu, na kwamba jina la mji, ukilisikiliza kwa masikio ya Kiswahili, ni jina la mfanyakazi aliyefika.

Bandari iliyotoa watu wengi kabisa kwenda soko la Unguja ilikuwa kusini. Ilikuwa Kilwa Kivinje. Huko ndiko ziliteremka njia kutoka Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, na katika miaka ya 1860 watu zaidi ya 10,000 kwa mwaka walipita katika forodha yake. Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliokataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kulifunga soko la Unguja, wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha. Waliwatembeza mateka kwa miguu kando ya pwani kwenda kaskazini, nyuma ya miji ile ile, mpaka Barghash alipotoa tangazo jingine mwaka 1876 kuzuia misafara ya nchi kavu. Na wengi wa waliouzwa Unguja hawakupelekwa mbali kama tunavyohadithiana. Mwanahistoria Abdul Sheriff ameonyesha kwa kirefu jinsi mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalivyowameza watu waliokuwa hapo awali wakipelekwa ng'ambo. Karafuu ilitaka mikono, na mikono ilitoka Nyasa.

Kama ni hivyo, Bagamoyo ilipataje kilio kisicho chake? Sehemu ya jibu ni Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, na kijiji chake cha waliokombolewa. Mgeni anayeona makaburi yao na kusikia neno watumwa huona ni kawaida kudhani kwamba walitoka njia ya bara. Lakini mapadre hao waliwanunua watoto wengi katika soko la Unguja. Walikuja Bagamoyo kwa jahazi, kutoka upande wa bahari. Sehemu nyingine ni David Livingstone. Alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, na wafuasi wake, Susi, Chuma na wenzao, wakaubeba mwili wake uliokaushwa hadi Bagamoyo, ulipolazwa kanisani Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza. Wasomaji wa Ulaya waliokuwa wakimsoma kama adui wa biashara ya watumwa waliliunganisha jina lake na mji alikopitia akiwa maiti. Hata sasa mnara wa kanisa lile unaitwa kwa jina lake. Waliombeba walikuwa wapagazi, na hakuna mnara wa wapagazi.

Baada ya hapo simulizi ilijiendesha yenyewe. Ilipita kwenye vitabu vya shule, kwenye nyimbo, kwenye fulana zinazouzwa sokoni. Mwaka 2006 Tanzania ilipoiweka njia ya kati katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kwa urithi wa dunia, njia hiyo ilitajwa kwa watumwa na pembe za ndovu, watumwa wakatangulia. Mambo ya namna hii yapo kwingine. Mkunazini, Unguja, wageni huteremshwa katika vyumba vya chini ya ardhi wakaambiwa ndimo mateka walimofungiwa kabla ya mnada. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilikuwa hospitali ya wamisionari, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwepo pale pale, hatua chache tu, mahali lilipo kanisa kuu ambalo mmisionari Edward Steere, baadaye askofu, alianza kulijenga mwaka ule ule wa 1873. Mateso yalikuwa ya kweli bila kuhitaji vyumba hivyo. Lakini macho yanataka mahali pa kutazama, kama masikio yanavyotaka neno la kulilia.

Hapa ndipo ninapoumia kama mpenda maneno. Tumelilia neno ambalo asili yake ni pumzi ya kutua mzigo, na maneno yaliyojaa machozi ya kweli tunayatumia asubuhi hadi jioni, tukiwa hatuyasikii.

Tuanze na mjinga. Leo ni tusi la kila mahali, kuanzia darasani hadi kwenye daladala. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19 mjinga alikuwa mgeni asiyezijua taratibu za mahali, na hasa alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni. Kamusi za kwanza za lugha yetu zinalo jina hilo kwa maana hiyo. Mjinga hakuwa mtu mwenye akili pungufu. Alikuwa mtu aliyejua kulima mtama, kutega samaki mtoni, kuwataja babu zake kizazi baada ya kizazi. Kilichomfanya mjinga ni kuamka katika nchi ambako ujuzi huo wote haukuhesabiwa. Hakujua kuomba maji. Akapewa jina kwa kutokujua kwake. Mtoto wake aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na aliyeletwa mdogo akakulia hapo aliitwa mkulia. Ngazi nzima ya utumwa ilipangwa kwa kipimo cha umbali kutoka kwenye ujinga. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyachambua mengi ya mahusiano haya katika kitabu kilichochapwa mwaka 1903 juu ya desturi za Waswahili, na anayeandika pale ni mtu wa ndani kabisa, anayeeleza jamii yake bila kutaka kumliza msomaji wa mbali. Ndiyo maana kurasa zake zinauma.

Halafu kibarua. Sote tumewahi kutafuta kibarua, au kumwajiri. Neno ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili kionyeshe amefanya, apate kulipwa. Unguja na pwani, wengi wa watu wa vibarua walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwatoa wakafanye kazi kwa wengine, kisha ujira ukagawanywa, sehemu kwa bwana, sehemu kwa aliyetoka jasho. Karatasi ile ilikuwa na uzito wa ajabu. Ilikuwa ya kwanza kukiri, kwa maandishi, kwamba mikono ile ina thamani inayoweza kuhesabiwa na kwamba sehemu ya thamani hiyo ni ya mwenye mikono. Wengine walikusanya sehemu zao mpaka wakajikomboa. Jina la karatasi likamhamia mtu, na leo mtu mwenyewe ndiye kibarua, barua ndogo inayotembea.

Mtumwa lenyewe hatulitazami. Ni kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa: aliyetumwa. Mzizi huo huo umetupa Mtume, na mtumishi, na utumishi wa umma. Wako wanaotaka tuachane na neno mtumwa kwa kuwa linamfanya mtu na hali yake kuwa kitu kimoja, na ninaielewa hoja yao. Lakini lugha nyingine zina neno la utumwa lililoganda kama jiwe; la kwetu bado linapumua sarufi. Kiambishi kile kidogo, w, hakinyamazi: kinasema kuna mwingine aliyetenda. Ukisema mtumwa umeshauliza, hata kama hukukusudia, nani alimtuma. Tatizo letu la kweli ni neno jingine, biashara ya utumwa, ambalo limeenea katika vitabu. Hakuna aliyeuza utumwa. Waliouzwa ni watu. Biashara ya watumwa ni sahihi zaidi, na tofauti ya herufi mbili tu inarudisha nyuso.

Upande wa pili wa mtumwa alikuwa mwungwana, aliyezaliwa huru. Leo uungwana ni adabu, ni kupisha mzee kiti. Zamani ulikuwa mlango, na waliokuwa nje walijua vizuri ufunguo wake ni mavazi, dini, lugha na safari. Katika misafara, wabebaji na askari wa pwani walijiita waungwana, na wengi wao walikuwa watumwa au waliokuwa wamewahi kuwa. Kule bara, mbali na mabwana, hakuna aliyeweza kuwakanusha. Walivaa kanzu, wakasema Kiswahili, wakawa kile walichojiita. Walifika mpaka Manyema na Mto Kongo, katika misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na wengine, na Kiswahili walichokiacha huko kikaitwa Kingwana. Ninaliona hilo kuwa moja ya matendo makubwa ya lugha katika historia yetu: watu walionyimwa jina wakalichukua wenyewe, wakaliacha kama jina la lugha ya mamilioni. Papo hapo ni lazima niseme kwamba wengi waliotekwa Manyema waliwaona waungwana hao hao wakiwa nyuma ya bunduki. Neno moja, na pande zake zote mbili ni za kweli.

Maneno ya njia yenyewe yalibaki yakabadilika kimya kimya. Hongo ilikuwa ushuru halali: mtemi wa Ugogo alikuwa na visima, msafara ulihitaji maji, na nguo zililipwa hadharani baada ya siku kadhaa za mapatano. Wasafiri wa Ulaya waliandika wakilalamika kwamba wanaporwa. Leo hongo ni rushwa, malipo ya gizani, kana kwamba hukumu ya wale wasafiri ndiyo iliyoshinda hata katika kinywa chetu. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au kitambaa cha kununulia chakula hicho. Kule Uganda imekuwa ugali. Kwetu Tanzania imekuwa fedha ya kikao. Mnyampara, neno la Kinyamwezi la mkubwa wa kundi katika msafara, mtu waliyemfuata kwa kumwamini, tumelifupisha kuwa nyapara, msimamizi anayeogopwa wa shamba na wa gereza. Mpagazi ametoka katika kupagaa, kubeba begani. Na aliyepagawa ni aliyebebwa, aliyepandwa na pepo. Babu zetu waliona kwamba mzigo na pepo vinakaa mahali pamoja, juu ya shingo.

Lipo jina la mahali ambalo kweli lina kilio cha wabeba mizigo, na hakuna anayelilia hapo. Ni Kariakoo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopiganwa Afrika Mashariki, Waingereza waliwakusanya watu, wengi kwa nguvu, kubeba risasi na unga nyuma ya majeshi. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mahali walipopigia kambi Dar es Salaam pakaitwa Kariakoo, na Nairobi pakaitwa Kariokor, kwa masikio yaliyolipokea jina la Kiingereza kama yalivyoweza. Hawa hawakupatana ujira kabla ya kuinua mzigo wala hawakuweza kuuweka chini posho ilipopunguzwa. Nimepita Kariakoo mara nyingi kununua vitenge na viatu vya wanangu, nikapishana na vijana wanaosukuma mikokoteni na wanaobeba marobota kichwani huku wakipaza sauti tuwapishe. Jina lilikuwa juu ya vichwa vyetu sote.

Yote haya sikumwambia yule kijana ufukweni, kwa sababu wakati ule sikuwa nimeyapanga. Nilimngoja tu amalize, nikamvuta kando nikamuuliza kama amewahi kubeba mzigo wa kichwani. "Sana, Mwalimu. Nimekulia Mlandizi, tulikuwa tunabeba mkaa."

"Ukifika nyumbani ukaubwaga, moyo unakuwaje?"

Alinitazama, kisha akatazama mchanga. Alikuwa mwepesi wa kuelewa; nilimwona akilirudia neno midomoni bila sauti. "Kwa hiyo, Mwalimu, nimekuwa nikiwadanganya watu?"

Nilimwambia hapana mwanangu, wewe na mimi tumesimulia tulichopewa. Kilio kipo, ila tumekiweka penye jina lisilo lake. Akaniuliza basi awaambie nini, maana wageni huja wakiwa wameshaijua hadithi, wengine wamesafiri kutoka Marekani kuja kusimama pale pale na kuwakumbuka wazee wao, na yeye hawezi kuwafukuza na kitenzi. Swali hilo lilikuwa zito kuliko langu. Mtu aliyevuka bahari kuja kuomboleza hastahili kusahihishwa kama mwanafunzi aliyekosea imla. Nilimjibu awaonyeshe mchanga na kuwaambia nani waliubwaga mzigo hapo, watu wenye majina, wenye ujira, wenye kiburi cha kazi, kwa kuwa nao wamesahauliwa. Halafu awaambie habari za mjinga. Na mwenye nafasi amwelekeze kusini.

Mimi nilikwenda baadaye. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya nusu siku na zaidi kwa basi, unavuka Mto Rufiji, unapita mikorosho, unaacha njia kuu na kuingia Kilwa Kivinje jioni. Majumba ya matumbawe yamebomoka, mengine yamebaki milango tu. Upo mnara wa waliopigana Vita vya Maji Maji na kunyongwa na Wajerumani, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, na jina hilo halihitaji mfasiri. Kwa wale wengine, waliopita forodhani hapo elfu baada ya elfu, niliuliza watu wa mji. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinionyesha kwa kidevu upande wa maji.

Hakuna jina lolote hapo linalosema kitu kuhusu moyo. Ukilisikiliza Kivinje utasikia mvinje, ule mti mwembamba wa pwani wenye majani kama nyuzi. Nilikaa chini yake mpaka magharibi ilipoadhiniwa. Mvinje hauhitaji upepo mkubwa. Pumzi kidogo tu kutoka baharini, na mti mzima unaanza kuvuma.